RUSINGA: Kisiwa kinachotaka dereva mpole na mgeni mwenye njaa

KISIWA cha Rusinga, kilichoko katika Ziwa Victoria kaunti ya Homa Bay, ni miongoni mwa mahali pachache humu nchini ambapo mgeni anaweza, kwa siku moja tu, kutazama miamba yenye mifupa ya viumbe walioishi miaka milioni 18 iliyopita, kusimama mbele ya kaburi la mwanasiasa ambaye kifo chake kilitikisa taifa, na kula samaki aliyevuliwa alfajiri ya siku iyo hiyo.

Hata hivyo, wengi wanaokizuru hurejea makwao wakiwa hawajaona hata nusu ya hayo. Hufuata barabara kuu, wakapiga picha kaburini, wakaagiza samaki wa kukaanga mjini Mbita na kwenda zao. Sababu ni kwamba mambo ya Rusinga hayako kando ya barabara. Yako kwenye njia za udongo zinazoteremkia fukwe, katika makorongo yaliyochimbwa na mvua, na katika jikoni za akina mama ambao hawana hata kibao cha kutangaza biashara yao.

Ndiyo maana ziara ya gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, likiendeshwa na dereva aliyezoea kisiwa na kuandamana na mwelekezi mwenyeji, ndiyo njia bora ya kukifahamu. Makala haya yanaeleza jinsi siku kama hiyo inavyopangwa, kinacholiwa, na, muhimu zaidi, mahali ambapo gari halipaswi kufika kamwe. Rusinga ina hazina ambayo gurudumu moja linaweza kuisaga na isipatikane tena.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni takriban kilomita 16, na upana wake, hata pale panapopanuka zaidi, ni kama kilomita 5 hivi. Kwa hesabu hiyo, asiyewahi kufika huenda akadhani kwamba saa mbili zinatosha kukizunguka na kurudi. Zingetosha, kama nia ingekuwa kuzunguka tu.

Safari huanzia Mbita, mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa. Wanaotoka Homa Bay hufuata barabara ya lami ya yapata kilomita 40. Wanaotoka upande wa Siaya hupanda feri katika kivuko cha Luanda Kotieno, nayo huvuka mlango wa Ghuba ya Winam kwa muda wa karibu saa moja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeweza kuchagua na achague feri. Ukiwa majini ndipo unapotambua jinsi vilima vya Rusinga, Gembe na Gwasi vilivyo ndugu, kwani vyote ni mabaki ya volkano moja kongwe ambayo wataalamu wa miamba huiita Kisingiri.

Kati ya Mbita na kisiwa kuna mkono mwembamba wa maji. Zamani watu walivuka kwa mashua. Katika miaka ya 1980 tuta la mawe na udongo lilijengwa, magari yakapata njia ya kufika kisiwani, lakini maji yakazibwa. Kwa miaka mingi wavuvi walinung'unika kwamba samaki hawapiti na kwamba uchafu na gugumaji vimejikusanya mahali pamoja. Mwishowe, katika miaka ya 2010, daraja lilijengwa na maji yakaanza kupita tena. Mwelekezi anayeijua kazi yake husimamisha gari hapa kwanza, kabla ya kona yoyote nyingine, kwa sababu hapa ndipo kisiwa kilipoacha kuwa kisiwa kamili na maisha ya wakazi yakabadilika.

Mintarafu ya gari, si lazima liwe jipya wala la kifahari. Linalotakiwa ni gari lililoinuka juu, lenye gia nzito ya kupandia, gurudumu la akiba lisilo na ufa, jeki inayofanya kazi na sepeto. Njia za ndani zina mawe makali yanayopasua mipira, na mvua zikinyesha, udongo wa mabondeni hunata kama gundi. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huzigeuza baadhi ya njia hizo kuwa vijito. Miezi ya Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, ndiyo afadhali.

Dereva bora kisiwani humu si yule mwenye mbio. Njia nyingi ni hizo hizo zinazotumiwa na watoto wanaokwenda shule, ng'ombe wanaoteremshwa ziwani kunywa maji na akina mama waliojitwika karai za samaki. Anayepita kwa kasi huacha vumbi juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya omena walioanikwa, na omena wenye mchanga hawana mnunuzi. Jambo hili dogo limewahi kuleta ugomvi katika fukwe nyingi za ziwa hili, nao wenyeji wana haki.

Kuhusu mwelekezi, mgeni asikubali kupewa mtu yeyote anayejua Kiingereza kizuri. Ajaribiwe kwa maswali. Je, anaweza kueleza ni kwa nini sehemu za kisiwa zinaitwa Waware, Wanyama, Kamasengre na Kaswanga? Hayo ni majina yatokanayo na koo za Abasuba. Masimulizi ya wazee yanasema mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda wakikimbia misukosuko katika ufalme wa Buganda, wakatua katika visiwa hivi na pwani za Gwasi. Lugha yao ni ya Kibantu, ndugu ya Kiganda. Lakini kwa kuoana, kufanya biashara na kusoma pamoja na Wajaluo, wengi wao sasa huzungumza Dholuo, na Kisuba kimebaki vinywani mwa wachache, hasa kisiwani Mfangano. Shirika la UNESCO limekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mwelekezi ambaye anaweza kukutajia majina ya miti na ndege kwa lugha zote mbili ni lulu, mlipe vizuri.

Suala la malipo lina uzito wake. Baadhi ya wageni hushuka kwa ndege ndogo, wakalala katika hoteli za bei ghali, wakazungushwa kwa gari la hoteli na kula chakula kilichofungashwa hotelini. Siku ikiisha, wenyeji walio nje ya ua hubakiwa na vumbi la gari. Ziara iliyopangwa kwa busara huigawa pesa njiani: mwelekezi wa kijiji, mpishi, mwenye mashua, kikundi cha akina mama kinachouza vikapu au samaki. Kabla ya kuondoka Mbita, mgeni aulize waziwazi ni nani atalipwa nini, kama mafuta ya gari yamo ndani ya bei, na chakula cha mchana kitapikwa na nani. Anayeona haya kuuliza asubuhi atakuja kubishana jioni.

Basi tuelekee makorongoni, ambako jina la Rusinga limepata umaarufu duniani.

Yapata miaka milioni 18 iliyopita, volkano ya Kisingiri ilikuwa hai. Kila ilipotema majivu, yalifunika misitu, mito na wanyama wa nyakati hizo. Majivu hayo yaligeuka mwamba, na ndani yake vikahifadhika vitu ambavyo kwa kawaida huoza upesi: matunda, mbegu, wadudu, majani, hata visiki vya miti vikiwa na mizizi yake. Mnamo 2014 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa visiki na majani hayo, wakaonyesha kwamba mahali hapa palikuwa na msitu mnene ambao matawi yake yalishikana juu. Anayevitazama leo vilima hivi vyenye vichaka na mawe matupu, miti mingi ikiwa imekatwa kwa kuni na makaa, hupata shida kuamini.

Ndani ya msitu huo aliishi mnyama wa jamii ya nyani wakubwa, asiye na mkia, ambaye wanasayansi wanamhesabu miongoni mwa jamaa wa kale kabisa wa sokwe na binadamu. Mifupa ya kwanza ya aina yake, iliyopatikana Koru, ilipewa mnamo 1933 jina la Proconsul. Jina hilo lilikuwa la mzaha: sokwe aliyekuwa akichezeshwa kwenye maonyesho ya Uingereza aliitwa Consul, na huyu alionekana kumtangulia.

Ugunduzi mkubwa ulifanyika Rusinga mwaka 1948. Louis Leakey na mkewe Mary walikuwa wamepiga kambi kisiwani. Siku moja ya Oktoba, Louis akiwa ameshughulika na mabaki ya mamba, Mary alitazama mteremkoni akaona jino likichomoza. Walipofukua walipata fuvu lenye sehemu kubwa ya uso, jambo ambalo halikuwa limewahi kupatikana kwa mnyama wa namna hiyo. Fuvu hilo lilisafirishwa hadi Uingereza na kupokewa kwa shangwe, na jina la Rusinga likaingia katika vitabu vya elimu ya asili ya binadamu.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni mchango wa Wakenya katika kazi hiyo. Heslon Mukiri alifanya kazi na Leakey kwa miaka mingi kama mtafutaji hodari wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Mnamo 1993 wataalamu walipoamua kwamba mnyama wa Rusinga alistahili jina lake mwenyewe, walimwita heseloni kwa heshima ya Mkenya huyo. Kisha mwaka 2015 wakamtenga kabisa na wenzake wa Koru na kumpa jina la Ekembo, neno walilolitoa katika lugha ya Kisuba. Hivyo lugha inayozidi kufifia vijijini imepata makao katika vitabu vya sayansi ulimwenguni, japo ni wachache kati ya vijana wa kisiwani wanaolijua jambo hilo.

Sasa tufafanue onyo lililotajwa mwanzoni. Visukuku vya Rusinga havichimbuliwi tu kwa majembe. Kila msimu, mvua hukwangua miteremko na kufichua mifupa mipya ambayo hubaki juu ya ardhi, mepesi kuvunjika, ikisubiri jicho la mtu anayejua. Mtafiti akifika, hachukui mfupa tu. Huandika mahali hasa ulipokuwa na tabaka la mwamba uliotoka, kwani bila habari hizo mfupa haumwambii chochote. Gari likipita juu ya mteremko kama huo, huvunja mifupa na pia huchimba mifereji ambayo mvua ifuatayo itaipanua na kuisomba tabaka nzima.

Kwa hiyo ziara ya nje ya lami katika Rusinga ina sheria isiyo na mjadala: gari hubaki kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, na makorongoni huingiwa kwa miguu. Wapo madereva ambao hupenda kuwafurahisha wageni kwa kupanda vilima visivyo na njia, huku injini ikinguruma. Mgeni mwenye akili amwambie dereva wa namna hiyo asimamishe gari. Aidha, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inalinda vitu hivi, na asiye na kibali haruhusiwi kuvichimba au kuvichukua. Ukiona kinachofanana na jino au mfupa, usikiokote. Mwite mwelekezi, akitazame pale pale kilipo, na ujumbe upelekwe kwa wahusika wa makavazi. Hata watoto wa shule wanafaa kufundishwa hivyo, na baadhi yao wamefundishwa, kwa kuwa wazazi na babu zao waliwahi kuajiriwa katika machimbo ya utafiti.

Kutoka huko, wengi huelekea kwenye kaburi la Tom Mboya, lililo katika boma la familia yake. Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge, lakini nyumbani kwao asili ni hapa Rusinga. Aliongoza chama cha wafanyakazi akiwa kijana wa miaka ya ishirini, akawa miongoni mwa wabunge wa kwanza Waafrika waliochaguliwa mwaka 1957, na mnamo 1959 akafanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, ya kwanza kati ya nyingi. Aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Jengo la kaburi lina umbo lililochongoka juu, na wengi husema kwamba lilikusudiwa kufanana na risasi. Ndani mna picha na baadhi ya vitu vyake. Wanaomfahamu Mboya kwa sanamu iliyowekwa karibu na alipouawa jijini Nairobi mwaka 2011 hushangaa kukuta mahali palivyo patulivu, huku mbuzi wakila nyasi karibu na ua. Ingawa ni mnara wa kitaifa, hapa pangali ni nyumbani kwa watu. Piga hodi, msalimie unayemkuta, jitambulishe, ndipo utoe kamera. Dholuo kidogo kitakufaa: "oyawore" ni salamu ya asubuhi, na "erokamano" ni asante.

Saa nne au tano za asubuhi ndio wakati mzuri wa kuteremkia fukwe. Uvuvi wa omena hufanywa usiku, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi. Wavuvi hubeba taa zinazoelea juu ya maji, omena huvutwa na mwanga, kisha hutekwa kwa nyavu zenye matundu madogo. Alfajiri mashua hurejea, na jua linapopanda ufuo wote huonekana kama umetandikwa vitambaa vya fedha. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu, na akina mama huwageuza kwa mikono ili wakauke sawasawa. Siku moja ya jua kali hutosha. Mvua ikija ghafla, yote huweza kuoza na mtaji kupotea kwa saa chache.

Hapa ndipo mgeni anapoelewa uchumi wa ziwa kwa macho yake. Mashua na nyavu kwa kawaida ni mali ya wanaume, ilhali kuanika na kuuza ni kazi ya wanawake. Samaki wanapoadimika, baadhi ya wachuuzi hulazimishwa kuwapa wavuvi miili yao ndipo wauziwe, desturi mbaya iitwayo jaboya, ambayo imechangia sana kuenea kwa virusi vya Ukimwi katika fukwe hizi. Vikundi vya wanawake vilivyofanikiwa kununua mashua zao vimejikomboa na aibu hiyo. Anayetaka kurudi na omena nyumbani basi amnunulie mchuuzi wa ufuoni moja kwa moja, wala asimbane bei kwa ajili ya shilingi kumi.

Kwa miaka mingi pia serikali imekuwa ikisimamisha uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai ili wazaliane. Anayesafiri miezi hiyo asishangae kukuta nyavu zimekunjwa.

Tumefika kwenye chakula, na hapa sitaficha upendeleo wangu. Mgeni aliyefika Rusinga akala chipsi na soseji amejidhulumu.

Mlo wa mchana uagizwe asubuhi, kabla ya mzunguko, ili mpishi apate nafasi. Samaki anayeheshimika kuliko wote ni ngege. Hupikwa mzima, kichwa na mkia, na wenyeji wengi watakwambia kwamba ngege aliyetoka majini leo hana haja ya kukaangwa. Huchemshwa polepole katika chungu, kwa nyanya, kitunguu na chumvi, basi. Mchuzi wake mwepesi hunywewa. Ngege wa asili wamepungua mno ziwani, na wengi wanaouzwa siku hizi ni wa aina zilizoletwa katika karne iliyopita au waliofugwa katika vizimba vinavyoelea. Vizimba hivyo vimeongezeka sana na utaviona ukiwa juu ya kilima. Muulize mpishi wake ametoka wapi. Hatakasirika, na ladha ni tofauti.

Mbuta ni habari nyingine. Samaki huyu mkubwa alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wadogo wa kienyeji hadi aina nyingi zikatoweka. Biashara yake ya nje ilipochacha, minofu ilienda viwandani na ng'ambo, nao watu wa ziwa wakabaki kununua mifupa yenye kichwa na mabaki ya nyama, inayoitwa mgongo wazi. Jina lenyewe linaeleza yote. Hata hivyo mgongo wazi uliokaangwa vizuri na kuungwa ni mtamu, na ukiukuta sahani moja na ugali usiudharau.

Ugali wa kisiwani, unaoitwa kuon, haukuwa wa mahindi hapo kale. Ulisongwa kwa unga wa mtama, wimbi na muhogo mkavu, ukatoka mweusi-mwekundu na mzito, wenye uchachu kidogo. Ukiomba huo badala ya ule mweupe, mpishi atafurahi, hasa akiwa mtu mzima. Humshibisha mtu hadi jioni.

Pamoja nao huletwa mboga za kienyeji, na hapa ndipo ujuzi hupimwa. Mnavu, au osuga, na mgagani, au dek, ni michungu kwa asili. Huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa na kuachwa juu ya moto mdogo. Wapishi wa zamani huirudia kazi hiyo siku mbili au tatu, wakiongeza maziwa kila mara, mpaka uchungu unapobaki kwa mbali tu. Kwa hiyo mboga bora kuliko zote huwa ilianza kupikwa juzi. Mlenda, ambao huitwa apoth, hulainishwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa na humsaidia asiyependa ugali mkavu. Omena nao huoshwa kwa maji ya moto, wakakaangwa hadi wakauke, ndipo nyanya ziongezwe. Wanaowalaumu kwa harufu, mara nyingi huwa wamekula waliopikwa kwa haraka.

Maji ya kunawa huletwa kwa birika na beseni, huliwa kwa mkono, na mgeni huhimizwa aongeze. Kukataa mara ya kwanza huchukuliwa kuwa adabu, lakini ukikataa mara ya tatu mwenyeji ataanza kufikiri kwamba chakula hakikukupendeza.

Baada ya mlo mzito kama huo, kupanda kilima cha katikati ya kisiwa ni dawa. Gari huachwa chini, na njia hupita kati ya mawe na vichaka. Kutoka juu huonekana kisiwa cha Mfangano upande wa magharibi, milima ya Gwasi kusini, na nchi kavu ya Siaya ng'ambo ya ghuba. Anayetaka kuona michoro ya kale ya miambani inayohifadhiwa na jamii ya Abasuba atalazimika kutenga siku nyingine kwa ajili ya Mfangano, kwani mashua ya kwenda huko na kurudi hula nusu ya mchana. Wenye muda mfupi huchukua mashua hadi visiwa vidogo vya ndege vilivyo karibu, ambako mnandi, yangeyange na furukombe hujaa. Hakikisha umevaa jaketi la kuokolea maisha kabla mashua haijang'oa nanga, wala usikubali kuambiwa kwamba ziwa ni tulivu. Upepo wa alasiri katika Ziwa Victoria huinuka bila kubisha hodi.

Kuna mambo ya afya yasiyopuuzwa. Maji ya ukingoni yana konokono wanaoeneza kichocho, hivyo usiingize miguu majini kwa kuwa tu umewaona watoto wakiogelea. Viboko hukaa karibu na matete na hutoka jioni kula nyasi, wameua watu. Malaria ni tatizo la muda mrefu, na anayetoka nyanda za juu amwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kufunga safari. Rusinga imechangia hata katika vita dhidi ya ugonjwa huo. Kati ya 2012 na 2015, watafiti wa kituo cha ICIPE kilicho Mbita, pamoja na wenzao kutoka Uholanzi na Uswisi, waliweka katika maelfu ya nyumba mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua na harufu inayofanana na ya binadamu. Matokeo, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kwamba aina kuu ya mbu wanaoeneza malaria ilipungua kwa takriban asilimia 70, na maambukizi yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Ukiona paa la nyumba ndogo likiwa na kidirisha cha jua kilichopauka, huenda ni masalio ya kazi hiyo.

Alama nyingine utakazoonyeshwa ufuoni ni za mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kupita viwango vyote vilivyowahi kupimwa. Miti iliyokufa ikiwa imesimama, kuta zilizobaki nusu na njia zinazoishia majini ghafla zote ni za wakati huo. Kwa sababu hiyo ramani za zamani za fukwe zisitegemewe. Dereva mwenyeji anajua ni njia ipi ingali njia.

Jioni gari likirudi Mbita, lipitie tena mahali ulipokula, iwapo uliagiza omena wakaushwe vizuri na kufungwa kwa ajili ya safari. Mwelekezi na mpishi walipwe mkononi mwao wenyewe au kwa M-Pesa, si kupitia kwa dereva. Wanaotegemea feri waulizie saa ya safari ya mwisho asubuhi wanapowasili, kwa kuwa ratiba hubadilika na nahodha hasubiri mtu. Aliyelala Mbita naye atoke nje giza likishaingia atazame ziwani: taa za wavuvi wa omena huwa zimeanza kuwashwa, moja baada ya nyingine, kuelekea Mfangano.